Shangazi Sajini anajibu: Askari mstaafu akija shuleni, aje na nini?

Toleo lililopita nilieleza kazi ninayoifanya tangu nilipovua magwanda: kwenda shuleni, mimi na askari wastaafu wenzangu, kukaa na watoto na kuwalea kitabia. Barua zimemiminika. Walioomba niwatafutie nafasi jeshini wanisamehe, dawati hilo si langu. Wengine nawajibu hapa. Niliyemjibu kwa kirefu asidhani nampenda zaidi, ni swali lake tu lililonikaa kichwani.

Shikamoo Shangazi Sajini. Mimi ni mwalimu wa nidhamu, shule ya sekondari. Vijana wangu wa kidato cha pili wameshindikana: utoro, matusi, simu darasani. Naomba uje na wenzako wawili watatu wenye sauti, mvae kombati, muwape wiki moja ya ukuruta. Waamshwe alfajiri, wapige pushapu, waruke kichura, wale gwaride mpaka wanyooke. Samaki mkunje angali mbichi. — Mwalimu aliyechoka

Marahaba, mwalimu, na pole kwa kazi. Kuja nitakuja, ila si kwa hilo.

Methali yako naijua. Tofauti ni kwamba samaki hajui nani anamkunja wala kwa nini, na mtoto anajua vyote viwili.

Kuruta ninayemfahamu mimi alikuja kambini kwa miguu yake, mtu mzima, amejaza fomu na kula kiapo. Ukimwamsha saa kumi usiku ananung'unika, lakini anajua mbele kuna kitu anachokitaka. Tena kinachombadilisha si mchakamchaka. Ni wale wenzake wa chumba kimoja, ambao akichelewa yeye wamechelewa wote. Ni koplo anayekula wa mwisho baada ya kuona kila mmoja amepata. Ni miezi ya kuishi hivyo, usiku na mchana. Wewe unataka niyaache hayo yote, nichukue kelele peke yake, niwapelekee watoto wa watu kwa wiki moja. Watakachojifunza ni kwamba mwenye nguvu anaruhusiwa kumtesa asiye na nguvu, mradi aseme ni kwa faida yake. Na kwa hayo matusi unayoyaeleza, nadhani somo hilo wameshalipata mahali pengine.

Usiseme ni ulegevu wa kike. Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa miaka. Katika miaka ya 1970, kwenye gereza la Rahway huko New Jersey, vijana wakorofi waliingizwa ndani wakafokewa na wafungwa wa vifungo virefu ili wauogope uhalifu. Mpango ukasifiwa, ukaigwa sehemu nyingi. Watafiti walipokusanya majaribio ya aina hiyo na kuwalinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliozidi kufanya makosa. Zikaja kambi za vijana za mtindo wa kijeshi, zilizoshamiri miaka ya 1990: vichwa vimenyolewa, gwaride, afande wa kufoka. Tafiti zake nazo zilipojumlishwa, hazikuonyesha kwamba vijana wa kambi walipungua makosa kuliko wenzao wasiopitia huko.

Basi nipe darasa moja, si shule nzima, na siku moja ya wiki isiyobadilika, kwa mwaka. Nitakuja na nguo zangu za kawaida. Nitafutie pia kazi ya kweli ambayo shule inaihitaji na watoto wanaweza kuibeba. Kazi ya kufagia usinipe kama mmezoea kuifanya adhabu, maana mtoto hataona fahari katika kazi ambayo jana alifanyishwa kwa kosa.

Shangazi, mimi ni mkuu wa shule ya msingi. Tumechora tunu kumi kwenye ukuta wa mbele: uadilifu, heshima, uzalendo, ujasiri na kadhalika. Tunataka siku maalumu ya tunu, askari mstaafu awe mgeni rasmi, azungumze na shule nzima mstarini kwa saa moja. Ninyi jeshini mngechagua tunu zipi? — Mkuu wa shule

Hongera kwa ukuta. Nina hakika rangi ni nzuri.

Majeshi yana orodha zake, na hazifanani. Jeshi la nchi kavu la Uingereza lina sita: ujasiri, nidhamu, kuheshimu wengine, uadilifu, uaminifu kwa wenzako na kujitoa bila kujijali. La nchi kavu la Marekani lina saba. Wanamaji wao wana tatu tu: heshima, ujasiri na kujifunga kwenye wajibu, na Kikosi cha Anga nacho kina tatu. Nikiwa nawe ana kwa ana ningekuomba utaje zile kumi za ukutani bila kugeuka nyuma. Chukua moja kwa muhula. Hata mbili ni nyingi.

Lakini shida yangu kubwa iko kwenye hilo jukwaa. Zamani kidogo, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto wa shule wa Marekani, zaidi ya elfu kumi, wakachapisha matokeo yao kati ya mwaka 1928 na 1930. Hawakuwauliza watoto kama ni waaminifu. Waliwatengenezea nafasi za kudanganya na za kuiba wakiamini hawaonekani. Wakakuta mtoto anayeibia kwenye mtihani wa hesabu huenda asidanganye kwenye mchezo, na kwamba kujua lililo jema hakukuwa na uhusiano mkubwa na kulitenda. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, serikali ya nchi hiyo hiyo ilitoa matokeo ya kupima mipango saba ya kulea tabia katika shule za msingi. Kwa wastani watoto waliofundishwa hawakuwa tofauti na wasiofundishwa. Na ile ilikuwa mipango ya miaka, yenye vitabu na walimu waliosomeshwa, si saa moja mstarini juani.

Sasa nikwambie ninavyofanya mimi, maana nisije nikaonekana kazi yangu ni kubomoa.

Jeshini nilikuwa mtu wa stoo. Kwa hiyo shuleni huwa naomba kabati la vifaa vya michezo. Kuna mtoto mmoja wa darasa la sita, mpole, wale ambao mwalimu anaweza kumaliza muhula hajamsikia sauti. Nikamkabidhi ufunguo na leja. Kazi yake: vifaa vikitoka anaandika idadi na anayechukua anatia sahihi; vikirudi anahesabu, anaandika. Nikamfundisha nilivyofundishwa. Unahesabu kwa mkono, si kwa macho. Ukikosea hufuti kwa raba; unakata mstari mmoja ili namba ya kwanza isomeke, unaandika ya pili, unatia sahihi pembeni. Leja isiyo na mkato hata mmoja mimi huwa naitilia shaka.

Siku hiyo mipira kumi ilitoka, ikarudi tisa. Wa kumi ulikuwa umeruka ukuta, na aliyeupiga ni rafiki yake wa dawati moja. Kijana alikuwa ameshaandika 10, kwa mazoea. Nikamwona amesimama na kalamu, rafiki anamnong'oneza sikioni, na mimi nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu. Akakata ile kumi mstari mmoja. Akaandika 9, akatia sahihi. Halafu akageuka: "Shangazi, jina la aliyeupoteza niliandike, au tukautafute kwanza?"

La leja nilimfundisha mimi. Hilo la jina amelitoa mwenyewe, na ndilo lililonifurahisha. Alikuwa na uadilifu mkono mmoja na rafiki mkono wa pili, akatafuta njia ya kutomwangusha yeyote. Tukatoka watatu kuutafuta, hatukuupata. Leja ikabaki tisa mpaka shule iliponunua mwingine. Sikumpandisha jukwaani wala sikumpa cheti. Wiki iliyofuata nilimpa ufunguo wa kabati la pili.

Kwa hiyo, mkuu, saa moja yako igawe. Nipe dakika chache kila wiki na kabati, au bustani, au zamu ya kengele, au kuwapokea watoto wapya. Usinikubali kama siwezi kukuahidi mwaka. Jean Grossman na Jean Rhodes walifuatilia zaidi ya watoto elfu moja katika mpango mkubwa wa walezi wa kujitolea Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2002. Watoto waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika mapema, ndani ya miezi mitatu, walishuka hata namna walivyojithamini. Mtoto ambaye ameshaachwa na watu wazima, ukimletea wa kumwacha tena, bora usingemletea. Mgeni rasmi wa siku moja hamuumizi mtoto, hilo nakubali, ila msimwite mlezi.

Sajini, mimi ni mstaafu mwenzako. Mara ya kwanza tu kwenda darasani, kijana akaniuliza mbele ya wote: "Umewahi kuua mtu?" Nikakosa neno. Kabla ya hapo binti mmoja aliponiona na sare alitoka analia. Baadaye nikaambiwa familia yao ilikimbia vita. Usiku ule sikulala. Je, niache? — Mstaafu asiyelala

Kaka yangu, usiache, ila usirudi kama ulivyokwenda.

Tuanze na sare. Najua tunavyoipenda, na najua mwalimu ndiye aliyeomba uivae ili watoto wafurahi. Iache kabatini. Kwako hiyo ni miaka ya utumishi. Kwa yule binti, mtu aliyevaa hivyo alikuja kwao usiku. Kabla ya kuingia darasa lolote, kaa na mwalimu wa malezi umuulize mambo mawili: nani hapa amekimbia mapigano, na nani ana baba, mama au kaka aliyekwenda kazini hajarudi. Hana haja ya kukupa habari zao za ndani. Akuonyeshe tu wanapokaa, na kama kuna jambo usiliguse. Yule binti mwache kwanza. Usimfuate kumwomba msamaha ili moyo wako utulie. Akikuona wiki ya tatu, ya nne, umevaa shati la kawaida na umeshika jembe la bustani pamoja na wenzake, atakuja mwenyewe au hatakuja, na yote mawili ni haki yake.

Sasa lile swali. Litaulizwa kila darasa jipya, na wanaouliza zaidi ni wa miaka tisa mpaka kumi na mbili. Usidanganye, usitanie, usisimulie. Mimi huwa nasema: "Hilo ni swali zito, na mambo mazito ya kazini nayazungumza na watu wazima wenzangu. Lakini niambie, nini kimekufanya uulize?" Kisha nasubiri. Nyuma ya swali hilo kuna mengine. Kuna anayetaka kujua kama wewe ni mtu wa hatari kukaa naye. Kuna aliyezoea michezo ya kompyuta na anataka idadi. Na kuna yule aliyenijibu mimi siku moja, kwa sauti ya chini: "Babu alikuwa askari, na hataki kutuambia." Huyo hakuwa anauliza habari zangu hata kidogo. Tulizungumza kuhusu babu yake, kwa nini mtu anaweza kunyamaza na bado akampenda mjukuu, na mjukuu anaweza kumuuliza babu vitu gani vingine: rafiki yake wa kambini aliitwa nani, walikuwa wanaimba nini.

Hadithi za vita nazo zina mahali pake. Chama cha wenye Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, kina masomo kamili kwa ajili ya shule, yanayotumia simulizi za waliotunukiwa kufundisha ujasiri, kujitolea, uadilifu, uraia na mengine ya namna hiyo. Ukitaka mfano wa kumpa mtoto, chukua wa Desmond Doss. Alikuwa askari wa Marekani wa kutibu majeruhi, ambaye dini yake ilimfanya akatae kabisa kushika bunduki, na wenzake walimdharau kwa hilo. Mwaka 1945, katika Vita Kuu ya Pili, kwenye kisiwa cha Okinawa huko Japani, aliwashusha majeruhi kwa kamba kutoka juu ya genge, mmoja baada ya mmoja. Huhesabiwa kuwa aliokoa watu wapatao 75. Nikisimulia hiyo, huwa siishii kwenye kamba. Nauliza darasa: unadhani kigumu zaidi kilikuwa genge, au ile miezi ya kudharauliwa chumbani? Mabishano yake hayaishi mpaka kengele.

La mwisho kaka, na hili nakuambia kama askari kwa askari. Kukosa usingizi kwa ajili ya swali la mtoto si aibu na si udhaifu. Kiwewe cha vita ni ugonjwa wa zamani: Vita Kuu ya Kwanza waliuita ugonjwa wa mshtuko wa makombora. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika rasmi kama maradhi yanayotokana na kiwewe, na una matibabu. Ikiwa usiku ule si wa kwanza, nenda kamwone daktari kabla ya kurudi darasani. Watoto hawa tumekuja kuwabebea kidogo mizigo yao, tusiwatwishe ya kwetu.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 14. Askari mstaafu anayekuja kwetu anasema tunu ya kwanza ni utii: "Amri kwanza, maswali baadaye." Mimi nikamuuliza, je, mkubwa akikuamuru ufanye kitu kibaya? Akasema mimi ni mbishi. Ni kweli mimi ni mbishi? — Binti wa kidato cha kwanza

Marahaba mwanangu. Huenda ni mbishi, sijui, sijakuona ukiambiwa ukaoshe vyombo. Ila swali lako si la ubishi. Ni swali ambalo majeshi yamejiuliza kwa damu.

Tarehe 16 Machi 1968, wakati wa vita vya Vietnam, askari wa Marekani waliingia katika kijiji cha My Lai wakawaua mamia ya wanakijiji wasio na silaha: wazee, akina mama, watoto. Juu yao ilikuwa ikiruka helikopta ndogo ya rubani Hugh Thompson, kijana wa miaka 24, na wenzake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn. Walipoelewa wanachokiona, Thompson alitua kati ya askari wa upande wake mwenyewe na wanakijiji waliojificha kwenye handaki. Mbele yake kulikuwa na ofisa aliyemzidi cheo. Thompson akawaambia wenzake kwamba askari hao wakianza kuwapiga risasi wale raia, wao wawapige askari. Kisha akaita helikopta nyingine ziwachukue wale watu. Baadaye walitua tena, na Andreotta akaingia kwenye mtaro uliojaa maiti akamtoa mtoto aliyekuwa hai. Thompson akarudi kambini akaripoti kwa wakubwa, na amri ya kusitisha ikatoka.

Unadhani alipokewa kwa maua? Miaka mingi aliitwa msaliti, akatumiwa vitisho vya kuuawa. Nishani ya kukiri alichofanya ilikuja mwaka 1998, miaka thelathini baadaye. Andreotta alikuwa ameshafariki, aliuawa vitani wiki chache tu baada ya siku ile. Thompson alikuja kualikwa kuzungumza na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi, na kisa chake kinafundishwa kwa maofisa.

Sheria nayo imesema. Baada ya kesi za Nuremberg, zilizowahukumu viongozi wa Wanazi wa Ujerumani, kanuni zilizoandikwa na tume ya sheria ya Umoja wa Mataifa mwaka 1950 zinaeleza kwamba kufuata amri ya mkubwa hakumwondolei mtu dhambi yake kisheria, ikiwa alikuwa na nafasi ya kuchagua. Askari anayejua kazi yake anafundishwa hivyo: amri halali inatiiwa, amri ya kutenda uhalifu inakataliwa.

Sasa tushuke kwako. Mwalimu akikuambia ukae chini ukiwa unataka kusimama, hiyo si My Lai, mwanangu. Kaa chini. Akikupa zamu usiyoipenda, ifanye. Lakini mtu mzima yeyote, awe mwalimu, ndugu, kiongozi wa dini au askari mstaafu kama mimi, akikuamuru jambo la kukuumiza au kumuumiza mwenzako, au akikuambia mkutane peke yenu na usimwambie mtu, huo utii haumstahili. Kataa, ondoka, kamwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikiliza, kamwambie mwingine, na mwingine.

Na mwonyeshe barua hii mwalimu wako wa malezi. Huyo mwenzangu anayefundisha "maswali baadaye" nadhani ana nia njema, lakini mtoto aliyezoezwa kumtii kila mkubwa bila kuuliza ndiye anayetafutwa na watu wabaya.

Mimi ni mzazi. Siamini bure hii. Leo mnakuja na tunu, kesho mnawaandikisha watoto wetu jeshini. Na nitajuaje mtu huyo ni salama kwa mwanangu? — Mama mwenye wasiwasi

Dada, wasiwasi wako una haki, tena ni wa zamani. Hata skauti, walioanzishwa na jenerali Robert Baden-Powell, wameshukiwa tangu mwanzo kwamba ni jeshi la watoto. Yeye mwenyewe alivutiwa na wavulana waliopeleka barua wakati mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa vitani, 1899 hadi 1900. Akaona mtoto akipewa jukumu la kweli hukua. Kambi yake ya majaribio, mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, ilijaa mafundo ya kamba, moto, kusoma nyayo, kuokoa mtu. Kutoka vitani alibaki na jukumu, akaiacha vita. Ndivyo tunavyotakiwa kufanya.

Mpaka wetu uwe wazi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu watoto na vita inazilazimu nchi zilizoiridhia zisimwandikishe kwa lazima mtu aliye chini ya miaka 18, na zichukue kila hatua askari wa umri huo wasishiriki mapigano moja kwa moja. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto wa mwaka 1990 unakataza kuandikisha mtoto yeyote. Mlezi akianza kugawa fomu, kusifu silaha au kuwauliza watoto nani atakuwa askari, mtoe. Mtoto akiuliza mwenyewe habari za jeshi, ajibiwe kwa ukweli wote, pamoja na magoti yanayouma na sherehe za nyumbani ulizozikosa.

Kuhusu usalama, usituamini kwa sababu ya nishani. Tuchunguzwe rekodi zetu za jinai na sababu ya kutoka jeshini kama anavyochunguzwa mgeni mwingine yeyote. Mlango wa chumba uwe wazi, mwalimu awepo. Asiwe na namba ya simu ya mtoto, asimpe zawadi ya siri, asimpeleke popote na gari lake. Mimi nikiwekewa masharti hayo sijisikii kutukanwa. Jeshini hata mkuu wa kikosi akija getini anasimamishwa na mlinzi, na mlinzi asiyemsimamisha ndiye anayeadhibiwa.

Shangazi, mume wangu ni mstaafu, alikuwa mpishi jeshini miaka yote. Anatamani kwenda shuleni lakini anaona aibu, anasema hana hadithi, hajawahi kupigana. Nimwambie nini? — Mke wake

Mwambie mimi nilihesabu blanketi na soksi mpaka nastaafu, na watoto hawajanifukuza.

Huyo ndiye ninayemtaka kuliko kamanda. Mtu aliyelisha mamia ya watu kwa saa ile ile kila siku, mvua isimame isisimame, akijua mikono michafu ya mmoja inaweza kulaza kikosi kizima, ana mambo ya kuwafundisha watoto kuhusu wajibu ambayo hayahitaji risasi hata moja. Awape watoto zamu ya kugawa chakula cha mchana shuleni, awafundishe kupima kijiko ili wa kwanza na wa mwisho kwenye foleni wapate sawa, na anayegawa achukue cha kwake mwisho. Aende Jumatatu kwa mwalimu wa malezi, aombe darasa moja na siku moja ya wiki. Na akachukue kwanza ile barua ya uchunguzi wa rekodi, maana inachelewa kutoka.